Meneja Hatembei, Anaendeshwa

Mwanangu alifikisha mwaka mmoja na miezi mitano bila kupiga hata hatua moja. Kwa maoni yake, nadhani, hakuwa na shida ya usafiri.

Mtaa mzima unamwita Meneja. Jina hilo alilipata kwa jirani yetu msusi, siku alipotuona tukipita mbele ya banda lake. Mimi nasukuma magurudumu ya kiti changu kwa mikono miwili, jasho linanichuruzika, na binti yangu amekaa mapajani, nimemfunga mkanda wa kitambaa nilioushona mwenyewe, kidole kakinyoosha mbele kama anayeonyesha mafundi wapi pa kuchimba msingi.

"Jamani, hebu mwoneni meneja anakagua mtaa!" akasema msusi, na wateja wake wakacheka na vichwa vyao vilivyosukwa nusu. Basi, ikawa ndiyo hivyo. Siku hizi hata baba yake akiulizwa jina la kwenye cheti anakuna kichwa kwanza.

Miguu yangu iliacha kazi nikiwa na miaka sita. Haikutoa notisi. Tumeshasameheana, nayo inakaa kimya mahali pake nami naendelea na shughuli zangu. Nashona. Cherehani yangu ni ya kuzungusha kwa mkono, na meza yake mume wangu aliikata miguu ili nifikie vizuri. Mume wangu ni fundi rangi, na kila anapomaliza kazi hurudi na rangi iliyobaki kwenye kopo, akaipaka kwenye kiti changu. Ndiyo maana gurudumu la kulia ni la kijani cha geti la shule, la kushoto ni la bluu ya duka la dawa, na mgongoni kuna njano ambayo hadi leo hataki kusema ya nani. Mtu akinitafuta haniulizii kwa jina. Anauliza, "Yule mshonaji wa kiti cha rangi rangi anakaa wapi?"

Kuna mambo mawili ya nyumbani kwetu lazima niyaeleze mapema.

La kwanza ni breki. Nikitaka kushuka kitini, iwe kwenda kitandani au chini kwenye mkeka, nafunga breki ya kulia kisha ya kushoto, na kila mara nasema kwa sauti, "Breki moja, breki mbili." Nilijizoeza hivyo baada ya kuanguka mara mbili. Meneja amelisikia neno hilo tangu hajaota jino. Nikichelewa kulisema ananikumbusha: "Beki moja, beki bii."

La pili ni barabarani. Watu wana tabia ya kusimama katikati ya njia wakipiga soga, nami sina kengele. Kwa hiyo napiga kelele, "Pisha! Pisha jamani!" Watoto wa wenzangu walianza kusema mama, wengine baba. Wangu alianza kwa kusema, "Pisha."

*

Jumapili moja mchana mama mkwe alipiga simu. Alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini, akipikia watoto mia nne kwa siku, na sauti yake hadi leo inaongea na yule wa mwisho kabisa kwenye foleni. Mimi huiweka simu juu ya meza ya cherehani, nikasogea nyuma kidogo, na tunasikilizana vizuri tu.

"Mjukuu wangu anasimama?"

"Anasimama, Mama. Akishika meza."

"Akishika meza! Nikishika meza hata mimi nasimama, na magoti yangu unayajua. Ametembea?"

"Bado, Mama."

Akakohoa kidogo. Kikohozi kile nakijua, ni cha kusafishia njia ya jambo zito.

"Mwanangu, nisikilize, na usinune. Mtoto anaiga anachokiona. Hapo kwako anaona nini? Magurudumu. Hapa kwangu kuna binamu zake wanne, wote wanakimbia kama wamechokoza nyuki. Akae nao miezi mitatu tu, utarudishiwa akiwa anaruka kamba. Jumamosi nakuja kumchukua."

Nilitaka kusema hapana. Badala yake nikamwambia nitaongea na mwanawe. Nitasema ukweli kwa nini.

Wiki mbili kabla ya simu ile, Meneja alikuwa ameingia ndani ya beseni la kufulia, tupu, akakaa humo. Akaweka mikono yake pembeni, huku na huku, akaanza kuizungusha hewani, anasukuma magurudumu yasiyokuwepo, anapumua "puu, puu" kama mimi nikipanda kilima cha kwenda dukani. Wote waliokuwepo walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka. Kisha nikasogea hadi kwenye ndoo, nikanawa uso kwa muda mrefu kuliko uso ulivyohitaji.

Kwa hiyo mama mkwe aliposema mtoto anaiga, hakuniambia jipya. Alilitoa tu nje neno nililokuwa nimelificha.

Jioni mume wangu aliporudi nikamweleza.

"Mwambie Mama haiwezekani," akasema.

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

"Ndiyo maana nakuambia umwambie wewe."

Hata hivyo alitoka nje na simu. Alizunguka kiwanja mara kumi, anatikisa kichwa, anainama kama mama yake anamwona. Aliporudi uso ulikuwa unang'aa.

"Nimepata punguzo."

"Punguzo la nini? Unanunua nyanya?"

"Hatua tatu. Meneja akipiga hatua tatu Jumamosi, mbele ya macho yake, bila kushikwa mkono na mtu, anabaki. Na Mama hatafungua mdomo tena."

"Mama yako afunge mdomo?"

"Kuhusu kutembea tu," akasema haraka. "Usitake makubwa."

*

Jumatatu asubuhi tukaenda kliniki. Nesi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimgongagonga magoti, akamnyoosha miguu, akamsimamisha mezani. Meneja akamtazama kama mteja aliyekuja bila miadi.

"Miguu mizima kabisa," nesi akasema. "Huyu hana ugonjwa. Ana dereva."

"Kwa hiyo ni kwa sababu yangu?"

Nesi akavua miwani. "Mama, wapo watoto ambao mama zao wana miguu mizima na wanabebwa mgongoni mpaka mwaka na nusu. Mtoto huyu bado hajachelewa. Siku akiwa na safari yake mwenyewe atatembea."

Safari gani? Mtu wa miezi kumi na saba ana miadi na nani? Nilirudi na swali hilo hadi nyumbani.

Jumanne mume wangu alijaribu biskuti. Alichuchumaa upande wa pili wa chumba, akaipunga. Meneja, ameshika meza, aliitazama biskuti, akamtazama baba yake, akakaa chini taratibu na kunyoosha mkono, anangoja aletewe. Walitazamana kama dakika tano. Mwisho baba mtu alikula biskuti yeye, kwa hasira. Meneja akalia, ikabidi apewe mbili za kumbembeleza.

Kisha mume wangu akaamua kumwonyesha mfano. Akatembea chumba kizima huku ananyanyua magoti juu kama jogoo kwenye matope. "Moja! Mbili! Umeona? Moja! Mbili!" Meneja alipiga makofi. Akaomba arudie. Alimtembeza baba yake mpaka chai ikapoa.

Jumatano msusi akajitolea mwanawe. Huyu tunamwita Kifaru, ana mwaka mmoja na mwezi, na hatembei, anavamia. "Mwachie mwalimu kazi," msusi akasema kwa madaha, akamweka mlangoni, naye Kifaru akaingia kwa kishindo. Tukawaacha wacheze, mimi nashona zipu, yeye ananisimulia habari za mteja aliyelala usingizi akiwa anasukwa. Tulipogeuka, Kifaru alikuwa amekaa ndani ya beseni, Meneja nyuma yake, wote wawili wanazungusha mikono hewani. Puu, puu, puu.

"Ha!" msusi akashika kiuno. "Nimeleta mwalimu, kaandikishwa darasa la kwanza."

Alipomtoa kwenye beseni, Kifaru alijilegeza, hataki kusimama. Ilibidi mama yake ambebe hadi kwao. Alikuwa anacheka, lakini niliona amemtazama mtoto mara mbili, magotini.

Alhamisi nilifanya jambo ambalo sikulipenda. Nilikataa kumpakia. Nilikaa kitini, mkanda nimeuficha, nikamwambia, "Leo njoo mwenyewe." Alikuja kwa magoti hadi kwenye gurudumu la bluu, akalishika, akainuka, akanitazama. Hakulia. Aliinua mkono mmoja na kungoja, ana uhakika kabisa kwamba nimesahau tu. Nilivumilia kwa muda wa kushona vifungo vitatu. Cha nne kikanishinda, nikampakia.

Ijumaa hatukujaribu chochote. Nilimshonea gauni la safari kwa kitambaa cha maua kilichobaki kwa mteja, nikakosea mkono wa kushoto mara mbili, mimi ambaye nashona mikono usiku na mchana.

*

Jumamosi mume wangu alitoka mapema kumalizia ukuta, akaahidi kurudi saa sita, kwa sababu mama yake alisema atafika saa sita. Ungedhani hajui kazi aliyokuwa akiifanya mama yake. Mpishi wa watoto mia nne hajawahi kufika mahali kwa wakati. Anafika kabla.

Nyumba tunayoishi ina vyumba sita na korido moja ndefu katikati. Chetu ni cha mwisho kabisa, na mlango wa mbele uko upande ule mwingine. Pale mlangoni pana kizingiti cha saruji, na mume wangu amenitengenezea ubao wa kupandia. Nikitaka kutoka, ubao unawekwa; wengine wakitaka kupita na ndoo zao, wanauegemeza ukutani. Meneja ameliona zoezi hilo kila siku ya maisha yake. Akiwa mapajani ndiye anayepiga kelele, "Bao!" mpaka mtu aje auweke.

Saa tatu nilikuwa nafunga begi lake. Nilifunga breki, moja, mbili, nikashuka kwenye mkeka ili nikunje nguo vizuri. Gauni la maua. Sweta. Viatu vyake vya nje, vilivyonunuliwa miezi mitatu iliyopita, soli safi kama sahani ya mgeni. Nilivishika viatu vile nikavigeuza chini juu, na hapo macho yakaniingia ukungu, sikuona tena ninachokunja.

Nikasikia, "Beki moja."

Tk.

"Beki bii."

Tk.

Nikainua kichwa. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, kashika vyuma vya chini ya mfuko wa vitambaa ninaoutundika mgongoni mwa kiti, kichwa hakionekani. Breki kazifungua zote mbili, na kiti kilikuwa kinasogea.

"Wewe! Meneja! Rudisha kiti!"

Kiti kikatoka mlangoni.

Niseme jambo moja: nikiwa chini bila kiti, mimi ni mtu wa mikono. Najiburuta vizuri tu, nina nguvu, lakini siwezi kushindana na magurudumu. Nikaanza kumfuata nikiwa nimekaa, naweka viganja mbele, navuta mwili, viganja, mwili, nikifika mlangoni naona mgongo wa njano wa kiti changu unakwenda zake katikati ya korido, na chini yake, kati ya gurudumu la kijani na la bluu, miguu miwili mitupu. Kulia. Kushoto. Kulia. Kushoto.

Nilifunika mdomo. Nilikuwa nalia au nacheka, sijui, na sina haja ya kujua.

Hapo ndipo mlango wa mbele ukafunguliwa.

Mama mkwe alisimama kizingitini na kikapu mkononi, jua liko nyuma yake. Alichokiona yeye ni kiti changu, kitupu, hakuna mtu juu yake, kinamjia chenyewe kwenye korido yenye giza.

Alipiga ukelele. Nimeshasema habari za sauti yake. Milango ya vyumba vyote ikafunguka kwa pamoja. Kikapu kikaanguka, vitunguu vikatawanyika.

"Uuuwi! Mkwe wangu kafanya nini! Kiti kinatembea!"

"Mama!" nikaita kutoka chini. "Siyo kiti! Tazama chini!"

Akainama. Akaona vidole. Akaviona vinahama. Mikono yake yote miwili ikanyooka mbele kumdaka mjukuu, nami nikasikia sauti ikitoka kifuani mwangu ambayo sikuwahi kumtolea mama mkwe tangu niolewe.

"Usimshike! Mama, mwache!"

Akaganda vile vile, kainama, mikono mbele. Nadhani kwa miaka thelathini hakuna mtu aliyewahi kumwamuru kitu jikoni kwake. Kisha macho yake yakanitafuta, akaniona nimekaa sakafuni, nywele zimenisimama, na viatu vya mtoto bado viko mkononi.

"Lakini kashika kiti," akasema, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo. "Tulisema…"

"Mlisema bila kushikwa mkono na mtu," akasema msusi, ambaye alikuwa ametokea dirishani na kitana mdomoni. "Kiti si mtu, mama."

"Wewe nani?"

"Shahidi."

Kiti kikagonga kizingiti. Gudu. Kikasimama. Meneja akasukuma tena, puu, puu. Hakikwenda. Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani, kama kawaida baada ya watu kuchota maji asubuhi.

Nilijua atakaa chini. Moyo wangu ulijua hivyo, kwa sababu wiki nzima tulimwita, tukampungia, tukamchezea, na kila mara alikaa chini akangoja.

Hakukaa. Aliachia vyuma. Akasimama peke yake katikati ya korido, kitumbo mbele, ameukunjia uso ule ubao kama fundi anayeona mwenzake kaacha kazi nusu. Kisha akaenda. Moja. Akayumba, akanyoosha mikono. Mbili. Tatu. Majirani hawakupumua. Nne. Akafika ukutani na kuupiga ubao kofi.

"Bao!"

Hakuna aliyesogea. Mama mkwe alikuwa bado kainama mlangoni, machozi yanamtoka mpaka puani. Meneja akamgeukia bibi yake, akampima juu mpaka chini, akaona mtu amesimama njiani anapiga soga.

"Pisha!" akamwambia.

Na mama mkwe wangu, mpishi wa watoto mia nne, akapisha. Aliruka pembeni kama aliyekanyaga kaa la moto, akaushika ubao, akauweka kizingitini, akausawazisha kwa mguu, akauliza, "Hivi? Hivi ndivyo mnavyouweka?"

"Sogeza kulia kidogo, Mama."

Akausogeza kulia.

Meneja akarudi nyuma ya kiti, hatua nne nyingine, hakuna aliyezihesabu isipokuwa mimi. Akashika vyuma. Akasukuma. Mlima ukamshinda. Akageuza shingo kumtazama bibi yake, akamngoja, ana uhakika kabisa.

"Anataka nini?" mama mkwe akaniuliza.

"Anataka msaidizi."

Akapita nyuma yake, akashika mishikio ya juu, mjukuu katikati ya mikono yake, wakasukuma wote wawili. Kiti kikapanda, kikashuka upande wa pili, wakapotelea kwenye jua. Nikawasikia wakiikata barabara, bibi kwa sauti ile ya foleni, "Pisha! Pisheni jamani! Mtoto anatembea!" na nyuma yake kasauti kembamba, "Pisha!"

"Mama!" nikaita. "Kiti changu!"

Nani anisikie.

Msusi alikuja akakaa nami sakafuni kidogo, akacheka mpaka kitana kikamdondoka, kisha akakumbuka ameacha mteja na rasta tatu. Nikabaki peke yangu. Nikaokota vitunguu vilivyonifikia. Nikajiburuta taratibu hadi chumbani, kwenye mkeka, nikafungua begi, na nikaanza kutoa nguo moja moja: gauni la maua, sweta.

Viatu sikuvirudisha mahali pake. Niliviweka mlangoni, akirudi avae. Ile soli safi ilikuwa imeanza kunikera.